MATEMBEZI YA SIKU MOJA: TUENDE WAPI, NA NANI, NA TURUDI NAMNA GANI?



Mu somo hili tunataka kujifunza jambo ambalo wengi wanafikiri halina somo: kutembea. Mutu anasema, «Kutembea ni miguu tu, mwalimu wa nini?» Sisi wa komite ya matembezi tulisema vile pia. Leo hatusemi tena, na tutawaelezea sababu.

Mwaka uliopita, siku moja ya posho mu mwezi wa sita, tulitoka watu 48: wanafunzi, wadogo wetu wa nyumbani, walimu wawili na nkambo wa mumoja wetu. Tulienda mu pori nje ya muji wa Lubumbashi, tukakula, tukaimba, tukarudi na furaha. Tulipofika ku mulango wa masomo, mwalimu akahesabu: 47. Mutoto wa darasa la saba hakuwako. Kiatu kilimuumiza, akakaa nyuma ya kichuguu ili apumzike, usingizi ukamukamata. Sisi tulihesabu watu wakati wa kutoka tu. Wakati wa kurudi kila mutu aliwaza kama mwenzake amehesabu.

Mutoto alirudi saa mbili ya usiku. Alimuleta baba mumoja mwenye kuuzisha makala. Alikuwa anasukuma kinga yake yenye magunia matatu, akasikia mutoto analia kando ya njia. Alishusha gunia moja, akaliacha pale pale, akapandisha mutoto. Gunia lile halikuonekana tena. Tulitaka kulipa, akakataa, alisema tu, «Mufundishe watoto kuhesabiana.» Prefe akafunga matembezi yote mpaka mwisho wa mwaka. Sasa amekubali tuanze tena, lakini kwa sharti moja: kwanza tuandike somo, na kila darasa lilisome. Somo lenyewe ndilo hili.

I. INCHI NI KUBWA, SIKU NI FUPI

Tangu mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa, na sisi tuko mu provensi ya Haut-Katanga. Ukubwa wake unapita kilometa za mraba 132.000. Ubelgiji yote ingeingia ndani yake mara ine na nafasi ingebaki. Basi tusidanganyane kama tunaweza kuona yote mu siku moja.

Fanyeni hesabu. Kijana wa darasa la mwisho anatembea kilometa 5 kwa saa moja. Mutoto wa miaka minane, au nkambo mwenye fimbo, anatembea kilometa 3, na wakati wa kurudi, kwa sababu ya kuchoka, 2 tu. Kama mahali pako ku kilometa 6, wakubwa peke yao wanaenda na kurudi kwa saa mbili na nusu hivi. Pamoja na wadogo, kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3: jumla saa 5. Ongezeni saa 3 za kula na za kuangalia. Ni saa 8. Mu mwezi wa sita jua linaingia mbele ya saa kumi na mbili ya mangaribi. Basi yule anayetoka saa ine ya asubui atarudi na giza, hata kama hakuna kitu kibaya kimetokea. Sisi tulitoka saa ine. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Kanuni ni hii: mwendo wa kundi ni mwendo wa ule anayetembea polepole kuliko wote.

Wengine wanauliza, «Kama ni hivi, sababu gani tusiache wadogo na wazee ku nyumba?» Tulizungumza sana juu ya ulizo hili mu komite. Jibu letu ni hapana. Siku ile nkambo ndiye alituonyesha muti wa masuku na kutuambia matunda yake yanaivya wakati gani. Walimu wetu wawili hawakujua. Na mutoto ndiye aliona mududu wa kwanza, kwa sababu macho yake yako karibu na udongo. Matembezi ya vijana peke yao yanakuwa mashindano ya mbio, na mu mbio hakuna mutu anaangalia kitu.

II. MAHALI PA KARIBU, KWA MIGUU

1. Makumbusho ya taifa ya Lubumbashi. Kwa wanafunzi wa muji hapa ndipo mahali pazuri pa kuanzia, hasa wakati wa mvua. Muombe kuonyeshwa misalaba ya shaba. Zamani, mbele wazungu hawajafika, wababu wetu walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makala mu tanuru iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, wakamwanga shaba mu umbo la musalaba. Musalaba ule ulitumika kama feza: walinunua nao vitu, walitoa nao mahari. Kazi ile ilifanyika wakati wa kiangazi, wakati shamba halihitaji mikono.

2. Pori la miombo. Ndilo pori la inchi yetu, lenye miti inayovaa majani mekundu na ya rangi ya shaba mbele ya mvua, mu mwezi wa nane na wa tisa. Wakati wa mvua kuko uyoga na viwavi. Angalisho: mwanafunzi asikule uyoga ambao mutu mukubwa mwenye kuujua hajaukubali. Uyoga mubaya hauna alama moja ya hakika; unaweza kufanana na muzuri kabisa. Tazameni pia visiki. Pori karibu na Lubumbashi limekatwa sana juu ya makala, na kila mwaka mutu anakwenda mbali zaidi kulipata. Hatuandiki hivi kwa kulaumu baba aliyetuletea mutoto wetu. Sisi wote tunapika na makala yale. Lakini tuhesabu: muti unakatwa kwa saa moja, na kwa kukomaa unaomba miaka mingi sana.

3. Vichuguu. Mu inchi ya Lubumbashi kuko vichuguu vyenye urefu wa metre 8, sawa na nyumba ya gorofa, na upana wake chini unaweza kufika metre 15. Vimejengwa na muchwa, wadudu ambao unaweza kuwabeba kumi juu ya ukucha mumoja. Wanafunzi wa hesabu wanaweza kupima kivuli cha kichuguu na kivuli cha fimbo, na kujua urefu pasipo kupanda. Tunasema pasipo kupanda kwa sababu ndani ya matundu yake nyoka anapenda kulala.

4. Ua la shaba. Kuko jani dogo, jina lake mu kilatini ni Haumaniastrum katangense, lenye kuota ku udongo wa shaba, mahali majani mengi mengine yanashindwa kuishi. Kilima cha shaba mara nyingi hakina miti juu yake, ni majani tu. Wachimbaji walitumia alama hizi kwa kutafuta madini. Musiling'oe. Chora mu kaye yako.

III. MAHALI PA KUFIKA NA BISI

Kipushi iko karibu kilometa 30 toka Lubumbashi, ku mupaka wa Zambia. Muji ule uliishi juu ya mugodi wa shaba na zinki. Kazi ya kuchimba ilisimama mu 1993, na zinki imeanza kutoka tena mu 2024. Hapa wakubwa watajifunza namna muji unapata taabu wakati mugodi unalala. Tusipite mupaka, hata «kwa kuangalia kidogo tu».

Likasi iko karibu kilometa 120. Mpaka mwaka 1966 iliitwa Jadotville. Ni muji wa vilima, na hewa yake ni nzuri kwa kutembea. Lakini kwenda na kurudi ni kilometa 240, na barabara inajaa malori makubwa ya madini. Komite imekata shauri: Likasi ni ya darasa la kumi na moja na la kumi na mbili, si ya wadogo, mpaka tupate bisi ya hakika na kiti kwa kila mutu.

IV. MAHALI YENYE HAYAINGII MU SIKU MOJA

Kila mwaka kuko mwanafunzi anayetuambia, «Twende tuone maanguko ya Lofoi!» Ni kweli, maji yale yanaanguka zaidi ya metre 300, ndani ya hifazi ya Kundelungu iliyofanywa mu 1970. Lakini njia ni ndefu na ngumu, inaomba siku nyingi, na mwisho wa kiangazi maji yanapunguka sana. Ni vile pia kwa Mwadingusha, mahali muto Lufira ulizuiwa ili kupata umeme tangu 1930, na maji yakafanya ziwa Tshangalele. Kasenga, ku muto Luapula, iko karibu kilometa 200. Tuweke majina haya mu kaye ya likizo, siyo mu matembezi ya siku ya posho.

V. MAHALI PA KUTOKWENDA

1. Shinkolobwe. Ndani ya mugodi ule kulitoka uranium iliyoingia mu bomu la Hiroshima mwaka 1945. Serikali iliufunga mu 2004. Mawe yake yanatoa nuru yenye haionekani, haina harufu, haiumi siku ile ile, lakini inaharibu mwili. Mutu asiende pale kwa ujasiri, na asikubali kupewa jiwe la pale kama ukumbusho.

2. Mashimo ya kuchimba. Udongo unaanguka pasipo kutoa habari. Shimo la zamani linaweza kufunikwa na majani.

3. Maji yenye kutembea polepole. Ndani yake kuko konokono ndogo zenye kubeba ugonjwa wa kichocho. Mududu wake anaingia kwa ngozi wakati mutu anaoga au anasimama mu maji. Si lazima kuyakunywa. Ku mito mikubwa sawa Lufira na Luapula kuko mamba pia. Basi: hakuna kuoga ku matembezi yetu. Tunajua wengi watakasirika. Wakasirike wakiwa wazima.

VI. MAJIRA

Mwezi wa tano mpaka wa saba ni wakati muzuri: mvua imeisha, njia ni kavu. Asubui kuko baridi kali, basi wadogo wavae nguo mbili. Mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma pori. Mukiona moshi mbele yenu, rudieni njia muliyokuja nayo. Mwezi wa kumi jua ni kali kuliko miezi yote: kila mutu awe na kofia na maji litre mbili, na wadogo wabebewe. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine ni mvua na radi; tusitoke mbali, na mukisikia radi musisimame chini ya muti ulio peke yake.

VII. SHERIA ZA KUHESABIANA

Sheria hizi zitasomwa ku mulango mbele ya kila matembezi:

a) Kila mukubwa anapewa mudogo mumoja, na jina lake linaandikwa. Mukubwa akirudi peke yake, amerudi bure.

b) Tunahesabu mara tano: wakati wa kutoka, wakati wa kufika, nyuma ya kula, wakati wa kuanza kurudi, na ku mulango. Hesabu isipokuwa sawa, hakuna mutu anapiga hatua.

c) Mwalimu mumoja anatembea mbele, mwingine nyuma kabisa. Hakuna mutu anapita wa mbele, hakuna mutu anabaki nyuma ya wa mwisho.

d) Filimbi mara moja ni kusimama, mara tatu ni kukusanyika.

e) Mwenye kupotea asitafute njia. Akae pale alipo, kando ya njia, apige makelele kila wakati.

f) Viatu vinaangaliwa ku mulango. Kiatu kipya hakiendi mu pori.

g) Kuondoka ni saa kumi na mbili na nusu ya asubui; kurudi ni mbele ya saa kumi ya mangaribi. Anayechelewa kufika anabaki ku masomo, hata akiwa memba wa komite.

Wenzetu, watoto wengi wanatuuliza siku gani tutatoka. Siku itajulikana kama madarasa yote yamejibu maulizo yaliyo hapa chini. Tulikusanya franka kati yetu kwa kulipa gunia lile la makala, na baba yule bado anakataa kuzipokea. Feza ile iko kwa mwalimu wa nizamu. Komite inaomba inunue filimbi mbili na dawa za vidonda, ili deni letu lifanye kazi.

MAULIZO

1. Mahali pako kilometa 4. Kundi lina watoto wa miaka minane. Mutakaa pale saa 3. Mukitoka saa moja ya asubui, mutarudi saa ngapi?

2. Sababu gani kilima cha shaba mara nyingi hakina miti?

3. Kichocho kinaingia mwilini kwa njia gani?

4. Mudogo wako anasema kiatu kinamuumiza, na kundi linatembea. Utafanya nini kwanza?

Majibu yaletwe kwa komite kwa maandiko, jina la darasa juu. Ulizo la 4 kila mutu alijibu peke yake, pasipo kuangalia kwa mwenzake.