Somo la 9: Mpira Ukiachiwa Huelekea Wapi?

Softiboli ni mchezo ulioanza mjini Chicago, nchini Marekani, mwaka 1887. Mrushaji hupitisha mkono chini, kando ya nyonga, kisha huachia mpira uende kwa mpigaji aliyeshika gongo. Jina la mchezo huu lina maana ya mpira laini, lakini mpira wa watu wazima ni mgumu, na mzingo wake ni sentimita 30 hivi. Ukikosea njia waweza kumjeruhi mpigaji.

Mtoto anayeanza kujifunza hudhani kwamba kurusha vizuri ni kutumia nguvu nyingi. Je, ni kweli? Fanya jaribio hili.

Vifaa: mpira wa matambara, chaki, na ukuta usio na madirisha.

Utaratibu
1. Chora duara kubwa ukutani, usawa wa nyonga zako.
2. Simama hatua mbili kutoka ukutani. Hakikisha hakuna mtu mbele yako.
3. Peleka mkono nyuma, kisha uulete mbele kama bembea. Achia mpira kabla mkono haujafika kwenye nyonga.
4. Rudia. Sasa achia mpira mara tu mkono unapopita nyonga.
5. Rudia tena. Achia mpira mkono ukiwa umeinuka karibu na kifua.

Umeona nini?
Mara ya kwanza mpira ulikwenda chini. Mara ya pili ulikwenda mbele. Mara ya tatu ulikwenda juu.

Sababu
Mkono hufuata njia ya duara kwa sababu umeungana na bega. Mpira ukiachiwa haufuati duara hilo tena. Huanza safari kuelekea kule kule mkono ulikokuwa ukielekea wakati huo. Kisha mvutano wa dunia huuvuta chini.

Kumbuka: nguvu huongeza mwendo wa mpira, lakini haisahihishi mwelekeo wake. Kwa hiyo anayeanza hujifunza kwanza kuachia mpira kwa wakati wake, akiwa karibu na bila haraka. Akishaweza, huongeza umbali kidogo kidogo, na mwisho huzungusha mkono duara zima. Bega likiuma, apumzike na kumwambia mwalimu.

Maswali
1. Mpira umepita juu ya duara. Je, uliachiwa mapema au kwa kuchelewa?
2. Kwa nini kuongeza nguvu hakutasahihisha kosa hilo?
3. Simama hatua nne kutoka ukutani. Ili mpira ufike kwenye duara, unabadili nini? Eleza sababu.