Bastola Porini: Je, Yatosha Kumkinga Mtu na Wanyama Wakali?

Illasit ni mji mdogo katika Kaunti ya Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Barabara itokayo Emali hupita Loitokitok ikafika hapo, na ng'ambo ya mpaka ni Tarakea. Wakulima wa huko hupanda nyanya, vitunguu na mahindi, na wafugaji huchunga ng'ombe na mbuzi katika nyika inayoshuka kuelekea Kimana na Amboseli. Hifadhi ya Amboseli ina eneo la kilomita za mraba 392 tu, wala tembo hawaijui mipaka yake. Hutoka kutafuta malisho, nao mbogo na simba hufanya vivyo hivyo. Si ajabu, basi, kumsikia kijana aliyetumwa kutafuta ng'ombe jioni akisema, "Laiti ningekuwa na bastola kiunoni!" Maneno hayo yana sababu, nayo yastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kukemewa.

Kwanza na tuitazame silaha yenyewe. Risasi ya bastola ya kawaida, ile yenye upana wa milimita 9, ina uzito wa gramu 8 hivi, na nguvu yake itokapo mdomoni mwa bastola ni kama joule 500. Bunduki ndefu ya wawindaji wa wanyama wakubwa, iitwayo .375, hutupa risasi ya gramu 19 kwa nguvu inayokaribia joule 6,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara kumi. Tembo dume aliyekomaa huweza kufikia tani 6, na ubongo wake umekaa nyuma sana, umefichwa na mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki. Mbogo naye ana pembe zilizokutana juu ya paji la uso kama ngao. Risasi ndogo ikimpiga hapo haimwangushi. Humwongezea hasira tu. Na mbogo aliyejeruhiwa, kila mwindaji mzee atakuambia, ni mnyama wa kuogopwa kuliko mbogo mzima, kwa kuwa hujificha kichakani akamngoja yule anayemfuata.

Tena liko jambo la wakati, na nadhani hilo ndilo lililo kubwa kuliko yote. Mbogo akikimbia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, humaliza mita 30 kwa sekunde mbili na kidogo. Simba, kwa masafa mafupi, aweza kwenda upesi kuliko hivyo. Katika muda huo mtu apaswa kumtambua mnyama, kuitoa bastola, kuilenga kwa mkono unaotetemeka, na kupiga mahali pamoja padogo panapoweza kumsimamisha. Wapo watu wawezao kufanya hivyo, lakini ni wachache mno, nao wamejizoeza kwa miaka mingi.

Historia ya nchi yetu inao mfano unaojulikana. Mwezi wa Juni, mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, kwenye reli ya kutoka Mombasa, palikuwa na simba aliyezoea kula watu. Afisa wa polisi ya reli, Charles Ryall, alikaa usiku ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili ili kumvizia. Silaha walikuwa nayo. Ryall alishika zamu, usingizi ukamchukua, na simba akaingia ndani ya behewa, akamwua, akatoka naye dirishani. Silaha yake haikupata nafasi ya kufanya kazi yoyote.

Huenda msomaji akauliza: mbona katika nchi nyingine wawindaji hubeba bastola kwa ajili hiyo hiyo? Ni kweli. Huko Alaska, katika Marekani, wawindaji na wavuvi wengi huvaa bastola kubwa kwa hofu ya dubu. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mikasa 269 ya dubu na watu wenye silaha, iliyotokea tangu 1883 hadi 2009. Waliotumia bastola walifaulu kumzuia dubu mara 84 katika kila 100, na waliotumia bunduki ndefu mara 76. Mtu akiishia hapo atasema bastola imeshinda. Lakini wataalamu hao walipowahesabu waliojeruhiwa, waliona kwamba waliopiga silaha zao na wale waliokuwa nazo wasizipige walijeruhiwa kwa kadiri ile ile. Tena dubu mkubwa wa bara lile, hata akifika kilo 400, ni mwepesi kuliko mbogo dume wa kwetu awezaye kufikia kilo 800. Tembo hatuna haja ya kumtaja.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi huingia mashakani. Katika Kenya hakuna tena uwindaji halali wa wanyama pori. Serikali iliupiga marufuku mwezi wa Mei 1977, na hata upigaji wa ndege kwa mchezo ulikomeshwa mwaka 2003. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imelikaza katazo hilo kwa faini na kifungo. Kwa hiyo yule asemaye, "Nachukua bastola ili nijilinde niwindapo," amekwisha kukiri kosa kabla hajafika porini. Kumiliki silaha nako kwahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na aliye na bastola bila cheti hataokolewa na hadithi ya simba.

Ng'ambo ya mpaka mambo ni mengine. Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni, na wanyama wakubwa huwindwa kwa bunduki nzito. Lakini cheti kilichotolewa Kenya hakimpi mtu ruhusa ya kuvuka Illasit na silaha mfukoni, hata kama shangazi yake akaa Tarakea na njia ni ya dakika chache. Tembo wao huvuka bila kuulizwa. Tangu Septemba 2023 madume kadhaa wakubwa wa Amboseli wamepigwa na wawindaji wenye leseni katika eneo la Enduimet, na jambo hilo limezua manung'uniko mengi upande huu.

Wafugaji wenyewe wamepata hasara kubwa. Mwezi wa Mei 2023 simba mzee aitwaye Loonkiito, aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliuawa kwa mikuki katika kijiji cha Olkelunyiet alipoingia bomani usiku. Siku chache baadaye simba sita waliuawa Mbirikani baada ya kula mbuzi 11 na mbwa mmoja. Mwenye mbuzi hao hakuwa na kosa kukasirika. Hata hivyo, simba wale walikuja usiku, na kazi ya usiku ni ya boma.

Kwa habari ya boma, sifa zimwendee Richard Turere, mtoto wa Kitengela. Alikuwa na umri wa miaka 11 tu alipotambua kwamba simba humwogopa mtu atembeaye na tochi. Akachukua betri ya gari, kipande cha paneli ya jua na taa ndogo, akazifunga kuzunguka boma la ng'ombe wa baba yake ili ziwake na kuzimika kana kwamba mlinzi anazunguka. Simba wakaacha kuja, na majirani wakaomba wafungiwe taa kama hizo. Kwa tembo, wakulima wa Sagalla, katika Taita-Taveta, hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwachukia nyuki.

Mchana, mchungaji na atembee na mwenziwe, asipite kichaka kinene kimya kimya, na akimwona tembo ajitenge upande ambao upepo hautampelekea harufu yake. Akikutana na simba, asimpe mgongo na kukimbia. Asimame, apige kelele, arudi nyuma polepole akimtazama.

Na ikiwa msiba umetokea, habari zipelekwe mara moja kwa Shirika la Wanyamapori, na fomu ya madai ijazwe kwa ajili ya kamati ya fidia ya kaunti. Sheria ya 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na kiasi kisichozidi milioni 2 kwa majeraha mengine. Malipo hukawia, na watu wana haki ya kulalamika. Mwenye madai na atunze nakala ya fomu yake pamoja na karatasi za hospitali na za polisi, kwa kuwa atakapokwenda kuuliza, hizo ndizo zitakazodaiwa kwanza.