Kabla Vyombo Havijapanda Lori

Siku ya tisa tangu vyombo vyetu viondoke Tabata, Dar es Salaam, lori lilisimama mbele ya nyumba tuliyopanga Nyakato, jijini Mwanza. Halikuwa lori lililovipakia. Dereva, kijana mpole ambaye sikuwahi kumwona, alishuka, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema hatafungua turubai mpaka nimpe shilingi milioni moja. Bei tuliyokubaliana ilikuwa milioni moja na laki nane. Nilikuwa nimeshatuma milioni na laki mbili kwa simu, kwa hiyo salio lilikuwa laki sita. Nikamuuliza hizo laki nne nyingine ni za nini.

"Mama, ni mafuta, mizani na kushusha. Mimi nimeambiwa nichukue milioni. Nikikosa, mzigo unarudi godauni."

Mume wangu alikuwa kazini, kwenye kituo alichohamishiwa. Watoto walikuwa wamelala chini siku tisa. Nililipa.

Turubai lilipofunguliwa nikaelewa siku tisa zilikokwenda. Vyombo vyetu vilikuwa vimefaulishwa njiani, vikapakiwa pamoja na magunia ya chumvi. Chumvi huvuta unyevu. Magodoro yalikuwa yameloa ubavuni, na kabati la mninga aliloniachia mama lilikuwa na mistari myeupe kuanzia mlangoni hadi miguuni, mguu mmoja umepasuka. Cherehani yangu ya miguu ilishushwa meza na pedeli tu. Kichwa hakikuwepo. Nashona nguo za watu, na ile ndiyo iliyokuwa ofisi yangu. Dereva alisema alivyopokea ndivyo alivyoleta, na ninaamini alisema kweli.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara wanahama mikoa, na wengi tunahama kwa mtindo uleule: namba ya simu kutoka kwa jirani, bei ya mdomo, pesa kwa simu, halafu dua. Mimi nilibishana bei kwa siku mbili, nikasahau yote mengine. Jambo moja nililojifunza ni hili: mali yako ikishapanda lori na pesa nyingi ikishatoka mkononi mwako, huna tena cha kujadiliana. Unachotaka kiheshimiwe, kiandikwe wakati vyombo bado viko sebuleni kwako.

Anza na swali ambalo mimi sikuuliza: je, huyu ninayezungumza naye ndiye mwenye gari? Aliyekuja kwangu kuangalia mzigo, na kadi yake yenye jina la kampuni, alikuwa dalali. Akachukua sehemu yake, akampa kazi mwenye Fuso, naye mwenye Fuso akaukabidhi mzigo kwa lori jingine katikati ya safari. Kila mmoja alikuwa na bei yake kichwani. Udalali si kosa, na wapo madalali waaminifu. Tatizo ni kwamba mambo yakiharibika, dalali husema gari si lake, na mwenye gari husema hakuahidiana nawe chochote. Basi dai kumjua mwenye gari mwenyewe. Omba picha ya kadi ya gari, namba ya usajili, leseni ya usafirishaji wa mizigo inayotolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na leseni ya dereva. Gari likifika siku ya kupakia, linganisha namba kabla hata kiti kimoja hakijatoka nje. Likija gari jingine, simamisha kazi mpaka karatasi zibadilishwe. Kampuni ya kweli haikasirikii maswali haya. Anayekasirika, achana naye hapohapo, hata kama bei yake ni ya chini.

Swali la pili: unakodi gari zima au unachangia? Kuchangia ni nafuu na hakuna aibu ndani yake, lakini unapaswa kujua unachangia na mzigo gani. Nguo na saruji havikai pamoja, wala magodoro na chumvi. Uliza pia kama mzigo utafaulishwa, na kama ndiyo, wapi, na nani atahesabu vitu vinapotoka gari moja kwenda jingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, na kila mahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya ni mahali pa kitu kupotea. Ukikodi gari zima, andikeni wazi kwamba hakuna mzigo mwingine utakaoongezwa na kwamba vyombo havitafaulishwa bila wewe kuarifiwa.

Kuhusu mizani, neno ambalo dereva alilitumia kunitisha, elewa jambo moja. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inataka magari ya mizigo kuanzia tani 3.5 yapimwe, na ndiyo maana malori husimama Vigwaza, Mikese na kwingineko. Kupimwa si adhabu. Anayeadhibiwa ni aliyezidisha uzito, na vyombo vya familia ya watu watano, vitanda na makochi, ni vigumu kulizidishia Fuso uzito. Ukiambiwa ulipe faini ya mizani, uliza kulikuwa na mzigo wa nani mwingine.

Bei nayo iandikwe kwa sentensi kamili. Milioni moja na laki nane inajumuisha nini? Nani anawalipa wabeba mizigo wa kupakia, na nani wa kushusha? Gari lisipofika mlangoni itakuwaje? Kwa Mwanza hili si swali dogo, maana nyumba nyingi za Mabatini na Igogo zimejengwa juu ya mawe, na lori huishia barabarani chini. Hapo vijana wa kubeba watakutajia bei yao, na kama halikuandikwa, mlipaji ni wewe. Andikeni pia tarehe ya kupakia, tarehe ya mwisho ya kufikisha, na kiasi kitakachokatwa kwenye salio kwa kila siku ya kuchelewa.

Malipo, nashauri nusu kwa nusu. Msafirishaji anahitaji pesa ya mafuta, ni haki yake. Lakini nusu nyingine ibaki kwako mpaka vyombo vimeshushwa na kuhesabiwa. Theluthi mbili niliyotanguliza mimi ilikuwa kosa. Tuma pesa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara au la aliyetia saini mkataba, na udai risiti ya mashine ya kodi (EFD), kwa sababu juu yake kuna jina na namba ya mlipakodi. Siku ya kudai, hiyo ndiyo itakayokuonyesha unamdai nani.

Sasa orodha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopotelea. Chukua daftari la kaunta. Zunguka chumba kwa chumba, kila kitu kipewe namba, na namba hiyohiyo ibandikwe kwenye kitu chenyewe kwa karatasi na gundi. Usiandike "cherehani 1." Andika aina yake, rangi, namba iliyogongwa kwenye chuma, na hali yake: "kichwa na meza, inafanya kazi, haina mkwaruzo." Fanya hivyo kwa friji, runinga na jiko. Makasha nayo yaandikwe yaliyomo ndani. Piga picha kila kitu, mlango wa friji ukiwa wazi, runinga ikiwa inawaka. Orodha iwe na nakala mbili, na dereva atie saini zote mbili kabla ya kuondoka. Akisema hana muda wa kuhesabu, na wewe huna mzigo wa kumpa.

Kuna vitu havipandi lori kabisa: vyeti, hati ya kiwanja, dawa, fedha, dhahabu, kompyuta, na chombo chochote unachokitegemea kwa riziki kama kinabebeka. Kichwa cha cherehani hufunguliwa kwa bisibisi na kuingia kwenye begi. Skrubu za kitanda ziweke kwenye soksi, soksi uifunge kwenye ubao wa kitanda hichohicho. Magodoro yavae nailoni. Friji isafiri ikiwa imesimama, na kama ililazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mkaa uache kwa jirani. Ni mazao ya misitu, na kwenye vizuizi utaulizwa kibali.

Kabla ya kuondoka, pita ofisi ya serikali ya mtaa uchukue barua inayoeleza kwamba wewe ni mkazi na unahama na vyombo vyako. Nakala apewe dereva. Lori lenye makochi na runinga usiku wa manane humtia askari shaka, na barua ile humaliza mazungumzo.

Bima watu wengi huielewa vibaya. Stika iliyo kwenye kioo cha lori, iwe bima ndogo au hata kubwa, haifidii kochi lako. Mzigo una bima yake, bima ya mizigo safarini, na mtu anayekuambia "gari lina bima, usijali" mwombe akuonyeshe hati inayotaja mzigo. Kama vyombo vyako vina thamani kubwa, nenda mwenyewe kwa kampuni ya bima au wakala aliyesajiliwa, uulize gharama.

Siku ya kupokea, usitie saini karatasi yoyote ya "nimepokea salama" kabla hujahesabu. Chukua orodha, mtu mmoja asome, mwingine aguse. Kilichovunjika kipigwe picha kikiwa bado juu ya gari. Andika mapungufu kwenye nakala ya dereva, naye asaini kwamba ameyaona.

Na ukikuta mtego niliokutana nao? Msafirishaji ana haki ya salio mlilokubaliana. Hana haki ya kuzuia mali yako ili umwongeze. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, huhesabu kuzuia mali ya mtu isivyo halali, au kutishia kuizuia ili akubali jambo, kuwa shurutisho, na makubaliano ya shurutisho aliyeshurutishwa anaweza kuyakataa. Mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe awe shahidi. Mpe dereva salio halali mbele yake. Akikataa, nenda polisi ukaeleze kwamba mali yako inashikiliwa, uchukue namba ya taarifa yako (RB). Ikibidi ulipe kwa sababu ya watoto, kama nilivyolipa, tuma kwa simu na si mkononi, kisha papo hapo umwandikie ujumbe: "Nimelipa laki nne nje ya mkataba kwa sababu umezuia vyombo vyangu. Nitazidai."

Ujumbe huo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo usifute mazungumzo ya WhatsApp wala meseji za malipo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ndiko kazi. Mwandikie msafirishaji barua ya madai, taja vitu na thamani yake, mpe siku 14. Akikaa kimya, peleka malalamiko LATRA kuhusu leseni yake, na Tume ya Ushindani kama alikudanganya kuhusu huduma aliyokuwa akiuza. Deni lenyewe unaweza kulidai Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi huendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe.

Mimi nilianza na barua. Nilimwandikia dalali na mwenye gari kwa pamoja, nikaambatanisha meseji za malipo. Baada ya wiki tatu nilirudishiwa laki tatu. Kabati nililitengenezea mguu, alama za chumvi zimebaki.

Cherehani niliiripoti polisi, nao wakaniuliza namba yake. Sikuwa nayo, sikuwahi kuiandika popote kwa miaka kumi na moja niliyoishonea. Kama una mpango wa kuhama mwezi huu, amka sasa hivi, chukua kalamu, geuza friji na cherehani yako, uandike zile namba.