Zawadi ya Kuhama Benki: Ni Hiba au ni Riba?

Ndugu yetu mmoja aliye Leicester, Uingereza, ameleta suala katika darasa letu, na kwa kuwa wengi katika watu wa miji yetu ya pwani wana watoto na jamaa huko, tumeona ni afadhali jawabu liandikwe hapa lisomwe na wote. Asema kwamba katika muda wa miaka miwili amehama benki mara nne, na kila ahamapo huahidiwa zawadi ya fedha taslimu. Zawadi tatu amekwisha kuzipokea, jumla yake paundi 500, na ya nne yangojewa. Auliza: je, fedha hizi ni halali yake? Na kama si halali azifanyeje, naye amekwisha kutia nia ya kuzituma Mombasa, nusu kwa mama yake, na nusu kwa mayatima wa marehemu ndugu yake wapate kulipiwa karo ya skuli?

Hukumu ya jambo haitolewi mpaka sura yake ifahamike, basi na tuanze hapo. Baada ya msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008, serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Sir John Vickers kuyachungua mabenki yao, na ripoti yake ikatoka Septemba 2011. Tume iliona kwamba watu hawahami benki hata wakiwa hawaridhiki nayo, kwa kuogopa taabu: mshahara usije ukapotea njiani, au bili zikakosa kulipwa. Kwa sababu hiyo, Septemba 2013 ukaanzishwa mpango maalumu wa kuhamisha akaunti. Mtu huenda benki mpya akachagua siku, na katika siku 7 za kazi huhamishiwa salio lake, mshahara wake na maagizo yake yote ya malipo, na akaunti ya zamani ikafungwa. Akitozwa kitu kwa kosa lililotokea katika uhamisho, hurejeshewa. Mpango huu wenyewe ni mwema, wala hatuoni ila ndani yake. Mtu kutoka benki moja kwenda nyingine si dhambi.

Lakini mlango ulipokwisha funguliwa, mabenki yakaingia katika kushindana kwa kuwavuta watu kwa fedha: hii yatoa paundi 100, ile 175, nyingine 200. Wala hazitolewi bure. Aghalabu husharutishwa kwamba paundi 1,000 au 1,500 ziingie katika akaunti mpya katika muda uliowekwa, mathalan siku 60, na kwamba makampuni mawili yawe yana idhini ya kujikatia bili zao humo.

Hapo ndipo zilipozaliwa hila. Mtu hafungui tena akaunti kwa haja yake, bali hufungua moja pembeni iwe ya kuhamishwa tu, mfano wa chambo kitiwacho katika ndoana. Paundi 1,500 zile zile huzungushwa: leo zaingia benki hii, kesho zatoka, keshokutwa zaingia ile, ili kila benki idhani kwamba imepata mshahara wa mtu. Na wako waandikishao sadaka ya paundi moja kwa mwezi kwa jumuiya mbili za wahitaji, si kwa kuwahurumia wahitaji, bali ili zihesabiwe kuwa ni zile bili mbili, na zawadi ikiisha kuingia huzifuta. Ndugu yetu amekiri kuwa naye alifanya hivi, na twamshukuru kwa kusema kweli. Kuifanya sadaka kuwa ni ngazi ya kufikia fedha za benki ni jambo lituchukizalo hata kabla ya kufika kwenye suala la riba.

Sasa na tuitazame akaunti yenyewe ni kitu gani. Watu huita fedha zilizoko benki amana, na jina hili limewapoteza wengi. Amana katika fiqhi ni kitu uwekewacho ukihifadhi kama kilivyo. Huruhusiwi kukitumia, na kikipotea bila ya uzembe wako huna dhamana. Benki haifanyi hivyo. Yachukua fedha zako, yazikopesha kwa wengine, na yadhamini kukulipa mfano wake wakati wowote utakao. Mwenye kuchukua mali akaitumia na akadhamini mfano wake, huyo amekopa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha tisa kilichokuwa Abu Dhabi mwaka 1995, lilipitisha kwamba fedha za akaunti za namna hii ni mkopo, ziwe katika benki ya Kiislamu au ya riba. Na la ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walikwisha kulisema hili zamani: katika kesi ya Foley na Hill ya mwaka 1848, House of Lords iliamua kwamba benki ni mdaiwa wa mwenye akaunti, si mtunza amana wake.

Basi ikiwa wewe ndiwe mkopeshaji na benki ndiye mdaiwa, je, mdaiwa aweza kumpa mkopeshaji zawadi kwa sharti? Wanazuoni wameafikiana kwamba kila nafuu iliyoshurutishwa kwa mkopeshaji ndani ya mkopo ni riba. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Abdullahi bin Salam (R.A.) alimuonya Abu Burda asipokee kutoka kwa mdaiwa wake hata mzigo wa majani makavu au wa shayiri, kwani yuko katika nchi ambayo riba imeenea. Tazama, mzigo wa majani!

Watakuja watu waseme: mbona Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mchanga akalipa aliye bora kuliko yeye? Ni kweli, na khabari hiyo i katika Sahihi Muslim. Lakini ile ilikuwa ni ihsani wakati wa kulipa, haikuandikwa wala haikuahidiwa, wala mkopeshaji hakutoa ngamia wake kwa kuitamani. Wengine husema ni kama muuza duka aongezaye kipande cha sabuni juu ya bidhaa. Huo ni uuzaji, na katika uuzaji nyongeza hairudishwi. Mlango wa mkopo ni mwingine.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni ya wasemao kwamba hii ni ju'ala, yaani ujira wa kazi maalumu, na kazi hapa ni kule kuhama. Hii tumeipima sana. Lau benki ingemlipa kila ahamaye, hata mwenye akaunti tupu, tungeweza kuitazama kwa jicho hilo. Lakini ahamaye bila ya kuingiza zile paundi 1,500 hapewi hata senti. Sharti limefichua kinacholipiwa: ni fedha zako kuingia mikononi mwao. Na kwa nini wazitamani? Kati ya Disemba 2021 na Agosti 2023 Benki Kuu ya Uingereza ilipandisha riba yake kutoka asilimia 0.1 hadi 5.25, na wakati huo akaunti nyingi za kawaida zilikuwa hazimpi mwenyewe kitu. Ndiyo miaka ambayo zawadi za paundi 200 zilienea. Huko Marekani mambo yako wazi zaidi, kwani zawadi kama hizi kwa kawaida huandikwa katika fomu ile ile ya kodi, 1099-INT, itumiwayo kwa faida za riba. Mtoza kodi ameijua riba kwa jina lake.

Na wasidhani walioko huku kwetu kwamba suala hili ni la Ulaya peke yake. Tangu mwaka 2008 tuna mabenki ya Kiislamu Kenya, na AAOIFI, taasisi ya Bahrain iwekayo viwango vya mabenki hayo, katika kiwango chake cha 19 imekataza kuwapa wenye akaunti za mkopo zawadi kwa ajili ya akaunti hizo pekee.

Sasa jawabu la ndugu yetu. Akaunti ya kupokelea mshahara, kwa aishiye huko, ni haja isiyoepukika, na hatumlaumu. Paundi 500 si mali yake. Azitoe kwa mafukara kwa nia ya kujitoa nazo, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka. Imamu Nawawi katika Majmu' amenakili kwa Ghazali kwamba mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa kwa maslaha ya Waislamu au kwa fakiri, na kwa fakiri huwa ni halali njema. Wanazuoni wa leo wameipitisha njia hiyo kwa faida za benki. Mayatima wa nduguye, kwa madhehebu yetu ya Shafi, nafaka yao haimlazimu. Basi wakiwa ni mafukara kweli yafaa awape zote, wala wasione haya kusomea fedha hizo.

Mama yake ni mambo mengine. Nafaka ya mzazi mhitaji ni wajibu juu ya mtoto awezaye, na akimpa fedha hizi atakuwa amelipia deni lake mwenyewe kwa mali isiyo yake. Sehemu ya mama na itoke katika mshahara. Tunajua kuwa hili litamwelemea, kwa kodi za nyumba zilivyo huko.

Imebaki zawadi ya nne. Ikiwa aweza kuiandikia benki kuikataa kabla haijaingia, na aikatae. Ikiwa itaingia kwa nguvu, njia yake ni ile ya zilizotangulia.