Gari la Watu Wote ni Shule ya Haki

Wako wakristo wengi wanaodhani ya kuwa amri ya kumpenda jirani hutimizwa nyumbani, kanisani na katika kuwatazama wagonjwa tu. Lakini ziko saa katika juma ambazo mtu hukaa bega kwa bega na watu asiowachagua, akigawana nao nafasi, hewa na wakati. Ndizo saa za kusafiri katika gari la abiria. Hapo jirani yako ni yule aliyekukanyaga mguu. Basi juma hili tujifunze habari za gari hilo: taabu zake, asili ya taabu hizo, faida zake, na haki inayodaiwa kwa kila mmoja wetu.

TAABU ZAKE

Tuanze na Mwandiga, mji mdogo ulio kaskazini ya Kigoma, mahali inapoanza barabara ya kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Kila asubuhi watu wa Mwandiga hushuka kwenda Kigoma na Ujiji: fundi na kikapu cha vyombo vyake, mama na dumu lake la mawese, mgonjwa na msindikizaji wake. Jioni hupanda tena na dagaa na migebuka. Wote huingia katika magari madogo, ambayo mengi yalitengenezwa kwa watu kumi na wanne au kumi na watano, nayo hubebeshwa ishirini na zaidi. Mwenye haraka huambiwa angoje mpaka gari lijae. Na likiisha kujaa, huambiwa asogee, maana bado halijajaa.

Kisha huja wanafunzi. Hao wana nauli yao pungufu, iliyowekwa na serikali ili mtoto wa maskini asikose shule kwa kukosa fedha. Lakini mara nyingi konda akiiona sare ya shule huziba mlango kwa mkono wake. Akiwa na huruma, huwachukua wawili, nao husimama hata pakiwa na kiti kitupu. Waliobaki hungoja gari la pili, na la tatu. Mwisho mtoto hufika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha, akaadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Ndugu zetu wengi wametoka mkoa huu wakahamia Dar es Salaam, jiji ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5. Huko taabu ni ileile, ila imezidi kwa wingi wa watu. Wapo wanaoingia garini kwa kupitia dirishani. Zipo daladala zinazokatisha safari katikati ya njia, abiria akalipa mara mbili kwa mwendo mmoja. Mwezi Mei mwaka 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka, yenye njia yao wenyewe, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Watu walishukuru, kwa maana safari ya saa mbili iliweza kupungua sana. Lakini foleni ndefu vituoni zilifuata, na mara nyingi mvua kubwa zilipolifurisha bonde la Jangwani, huduma ilisimama.

Angalieni pia majina ya vyombo hivi. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, watu waliyaita daladala, na wengi husimulia ya kuwa ni kwa sababu ya sarafu ya shilingi 5 iliyoitwa dala. Nchini Kenya gari la namna hiyo liliitwa matatu, kwa sarafu tatu za senti kumi. Watu hawakulipa gari jina la rangi yake wala la mwendo wake. Waliliita kwa jina la nauli. Nauli ndilo jambo la kwanza moyoni mwa maskini kila asubuhi anapofunga mlango wake.

ASILI YA TAABU HIZO

Ni rahisi kusema ya kuwa makonda ni watu wabaya. Lakini haifai kuhukumu kabla ya kuchunguza. Madereva na makonda wengi hawana mshahara wa mwezi wala mkataba. Asubuhi hukabidhiwa gari. Jioni yawapasa kumpelekea tajiri wao fedha zilizotajwa tangu mwanzo, nazo huitwa hesabu. Mafuta hununua wao. Kinachobaki ndicho chakula chao. Kisipobaki kitu, hurudi kwao mikono mitupu, na kesho pengine gari hupewa mwingine.

Kwa hiyo kila dakika ya kusimama ni hasara. Kila mwanafunzi aketiye huchukua nafasi ya mtu wa nauli nzima. Dereva hukimbia si kwa kuwa apenda hatari, bali kwa kuwa gari lililo mbele yake litaokota abiria wake. Na konda amfukuzaye mtoto wa mwenzake labda anamtafutia mtoto wake mwenyewe chakula cha jioni. Kosa lake halifutiki kwa sababu hiyo. Lakini yatupasa kuuliza ni nani aliyeziweka njaa mbili zishindane mlangoni mwa gari.

Tajiri naye ana neno lake. Atasema ya kuwa vipuri ni ghali, barabara za vijijini huvunja gari, na nauli hazipangi yeye bali mamlaka ya serikali, ambayo tangu mwaka 2019 ni LATRA. Neno hilo lina kweli ndani yake. Taifa likitaka mtoto asafiri kwa nauli pungufu, na ni vema litake hivyo, si haki mzigo huo wote umwangukie konda asiye na mshahara. Hata hivyo yako yaliyo katika uwezo wa tajiri mwenyewe, nasi tutayataja.

FAIDA ZAKE

Pamoja na taabu hizo zote, gari la watu wote ni baraka. Kwanza, humfikisha mtu ambaye hatapata kamwe gari lake mwenyewe. Basi moja kubwa katika yale yaendayo haraka huweza kubeba watu wapatao 150. Kama kila mmoja wao angekuja kwa motokaa yake, barabara yote ingejaa, na hewa ingechafuka. Baba Mtakatifu Fransisko aliliona jambo hili. Katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015 alifundisha ya kuwa usafiri wa wote yafaa upewe nafasi ya kwanza mijini. Lakini akakumbusha ya kuwa watu hawataupenda ikiwa wanabanwa humo pasipo heshima wala usalama.

Pili, gari hilo hutukutanisha. Katika safari moja ya kutoka Mwandiga utasikia Kiha, Kiswahili na Kirundi. Utamwona mwislamu akimpakata mtoto wa mkristo ili mama apate kushika mzigo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, yule mkuu wa Ethiopia alimwomba Filipo apande aketi naye garini, na katika mazungumzo ya njiani akapata imani na ubatizo. Neno jema moja safarini laweza kufika mbali kuliko tujuavyo.

Tatu, siku ya msiba mkubwa chombo cha wote huwa mkono wa rehema. Mwezi Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama Kagunga, kijiji cha pwani ya Ziwa Tanganyika kilichozungukwa na milima. Meli ya Liemba, iliyozamishwa mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, ndiyo iliyokwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, mamia kwa mamia. Kama nchi ingekuwa na vyombo vya matajiri tu, wale watu wangepandia nini?

HAKI INAYODAIWA

Mtu asiseme ya kuwa kiti ni jambo dogo. Mwaka 1955, huko Montgomery nchini Marekani, mwanamke mmoja mweusi, Rosa Parks, alikataa kumwachia mzungu kiti chake katika basi, akakamatwa. Watu weusi wa mji ule wakayasusa mabasi kwa siku 381, wengi wakienda kazini kwa miguu, mpaka ubaguzi ule ukaondolewa. Mtume Yakobo naye, katika sura ya 2 ya waraka wake, awakemea wakristo wanaomketisha tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini asimame. Je, mtoto wa shule asimamishwaye kando ya kiti kitupu si maskini yule yule?

Basi kila mmoja ana wajibu wake.

Mwenye gari. Wako waamini wenye magari haya, na wengine wao huketi viti vya mbele kanisani. Hesabu unayoitaka jioni, je, yaweza kupatikana bila kuzidisha abiria na bila mwendo wa hatari? Kama haiwezi, umeamuru hatari hiyo wewe mwenyewe, ijapokuwa hukushika usukani. Papa Leo wa 13, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha ya kuwa mapatano ya ujira hayawi ya haki kwa kuwa tu mfanyakazi ameyakubali. Akiyakubali kwa kusukumwa na shida, amedhulumiwa. Hata sheria ya nchi yetu ya ajira ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

Dereva na konda. Umekabidhiwa roho za watu. Nchi hii haijasahau MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, iliyobeba watu kupita kiasi karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Sheria ya wingi ni moja majini na barabarani. Nawe mpokee mwanafunzi. Hata wawili katika kila safari, wakiketi kwa heshima, ni mwanzo.

Abiria. Usinyamaze mtoto anapofukuzwa. Sauti moja hupuuzwa. Sauti za watu kumi husikiwa. Mpishe mzee, mjamzito na mgonjwa. Lipa nauli yako kamili, wala usijifiche nyuma ya mwenzako. Na usimhimize dereva kukimbia kwa kuwa wewe ulichelewa kuamka.

Wenye mamlaka. Yawapasa kusimamia nauli na idadi ya abiria kila siku, si siku ya ajali tu, na kutafuta njia ya kugawana mzigo wa nauli ya wanafunzi kati ya taifa na wenye magari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, watoto wetu hufikaje shuleni? Tumewahi kuwauliza wanangoja kituoni muda gani?
2. Kama jamaa yetu ina gari la abiria, hesabu yetu ni ya haki? Dereva wetu hubakiwa na nini siku mbaya?
3. Mara ya mwisho tulipoona mtu akidhulumiwa garini, tulifanya nini?
4. Jumuiya yetu ndogo ndogo yaweza kuzungumza na wenye magari wa kituo chetu juu ya wanafunzi? Nani ataanza?

Swali la mwisho lisiachwe bila jina la mtu. Jumatatu alfajiri wanafunzi watakuwa wamesimama tena kituoni Mwandiga, na katika vituo vyote vya nchi hii, na daftari zao mkononi. Tuombe Mungu, kisha tuwafungulie mlango.