Baruti Rahisi na Risasi ya Kusubu

Kiswahili huita risasi vitu viwili: metali laini ya kijivu iyeyukayo upesi, na kile kipande kitokacho mtutuni. Huo si upungufu wa msamiati. Kwa karne nyingi vitu hivyo vilikuwa kimoja, kwani karibu kila kipande kilichopigwa kwa bunduki kilisubiwa kwa risasi tupu katika kalibu. Leo vipande vingi huvikwa gamba la shaba, lakini wako wanaoendelea kusubu, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Swali linalowakabili ni hili: baruti ipi iliyo rahisi itafaa kukisukuma kipande hicho?

Tuanzie Kakesio. Kata hiyo ya Wilaya ya Ngorongoro iko pembezoni mwa Hifadhi, upande unaoelekea Pori la Akiba la Maswa. Ndani ya Hifadhi uwindaji umekatazwa. Katika Maswa huruhusiwa kwa mwenye leseni. Basi mlio unaosikika upande huo waweza kuwa wa raifali ya kisasa, au wa gobori la jangili. Silaha hizo mbili hazili chakula kimoja, na mtu anayedhani kwamba baruti ni baruti tu aweza kupoteza mkono au macho.

Baruti ya zamani, ile nyeusi, ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Hata ikibanwa namna gani, mwendo wa kuungua kwake hauongezeki sana. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki moshi mzito na masizi. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa na kutia kutu, ndiyo maana wazee wenye magobori huosha mtutu kwa maji ya moto siku ile ile.

Mwaka 1884 mkemia Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyo na moshi, iliyotokana na nyuzi za pamba zilizotiwa asidi ya nitriki. Karibu yote hugeuka gesi. Lakini tabia yake nyingine ndiyo inayotuhusu zaidi: kadiri kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kila eneo la chemba, inavyopanda, ndivyo baruti hiyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na kadiri inavyoungua kwa kasi ndivyo kanieneo inavyozidi kupanda. Chemba ya raifali imetengenezwa kwa chuma cha pua ili kustahimili hali hiyo. Mtutu wa gobori, ambao mara nyingi ni bomba la chuma laini, haukutengenezwa hivyo. Anayechukua kibaba kile kile alichozoea kupimia baruti nyeusi, akakijaza baruti isiyo na moshi, ametengeneza bomu na kuliweka karibu na shavu lake. Kwa gobori, basi, hakuna uchaguzi wa bei. Ni baruti nyeusi peke yake.

Mfano mzuri wa raifali ya risasi tupu tunao katika historia yetu. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanatumia Mauser ya mwaka 1871. Ganda lake lilichukua kiasi cha gramu 5 za baruti nyeusi, na kipande chake cha risasi chenye gramu 25 hivi kilitoka kwa kasi ya meta 430 hivi kwa sekunde. Moshi uliwafichua askari kila walipopiga, nao walifurahi kuziteka bunduki mpya za Waingereza. Lakini kwa upande wa mtutu, ndoa ile ya risasi laini na baruti ya polepole ilikuwa sahihi kabisa.

Kwa nini sahihi? Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, wakati shaba hungoja hadi nyuzi 1,085. Kipande laini kikisukumwa kwa nguvu mno, hushindwa kuifuata mifuo ya mtutu, kikateleza; gesi ya moto hupenya pembeni na kukilamba, na metali hugandamana ndani ya mtutu. Shabaha hupotea. Kuchanganya risasi na antimoni na bati huongeza ugumu, lakini hakuondoi mpaka huo. Kasi ya kadiri ndiyo inayofaa.

Hapa sasa ndipo bei inapoingia. Wengi hutazama bei ya kilo, na hilo ni kosa la hesabu. Kilo moja ikitumika gramu 5 kwa kila ganda hutoa mapigo 200. Ikitumika gramu 3 hutoa 333. Baruti iunguayo haraka, ikitumika gramu 0.8, hutoa 1,250. (Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si vipimo vya kujazia.) Kwa hiyo baruti ya haraka, hata ikiuzwa mara mbili ya bei ya nyingine, bado yaweza kuwa rahisi. Ile iunguayo polepole, iliyokusudiwa vipande vyenye gamba na kasi kubwa, ikipunguzwa ili kuilinda risasi laini huungua nusu nusu, na punje zake hutapakaa mtutuni bila kazi.

Hata hivyo unafuu huo una mtego. Gramu 0.8 katika ganda linaloweza kuchukua 3.5 huacha sehemu kubwa tupu. Mkono uliochoka ukimimina mara mbili, jicho halitambui. Tena baruti hulala mbele au nyuma ya ganda kufuatana na mwinamo wa bunduki, na kasi hubadilika kutoka pigo hadi pigo. Kwa maoni yangu, afadhali baruti ya mwendo wa kati, nyepesi kwa uzito lakini yenye kujaza nafasi, hata kama mapigo yatapungua. Ganda likijaa zaidi ya nusu, mmimino wa pili utamwagika mezani na kosa litaonekana. Kipimo chenyewe hutoka katika jedwali la mtengenezaji wa baruti ile ile, kwa uzito ule ule wa kipande, wala si kwa mazoea ya jirani. Na hapa Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Baruti isiyo na moshi huzeeka, na joto huiharakisha. Ikianza kutoa harufu kali ya asidi, au kuonyesha vumbi jekundu kama kutu, imeharibika, hata kama ilinunuliwa kwa bei gani. Iliyo ya hatari zaidi ni ile ya kwenye kopo lisilo na jina. Punje za haraka na za polepole huweza kufanana kabisa kwa rangi na umbo, na hakuna mtu, hata fundi mzee, awezaye kuzitambua kwa macho. Kopo la namna hiyo lisifunguliwe wala lisitupwe jalalani au jikoni. Polisi waarifiwe, waje walichukue.