Minyoo ya Moyo kwa Mbwa: Kipimo Kitangulie Dawa

Katika kata ya Ulemo, wilayani Iramba, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Singida, mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji. Anapoanza kukohoa, kukonda na kuchoka upesi, mwenyewe huweza kudhani ni uzee au njaa. Miongoni mwa sababu za kuchunguzwa ni minyoo ya moyo, Dirofilaria immitis, inayoenezwa na mbu.

Maambukizi
Mbu anapofyonza damu ya mbwa mgonjwa humeza mabuu yasiyoonekana kwa macho. Mabuu hayo hukua ndani ya mbu kwa wiki mbili hivi penye joto, kisha huingia kwa mbwa mwingine anapoumwa. Baada ya miezi 6 hadi 7 huwa minyoo kamili katika ateri za mapafu na upande wa kulia wa moyo. Jike hufikia sentimeta 30, na huweza kuishi miaka 5 au zaidi.

Utambuzi
Kuona mabuu ya damuni kwa hadubini hakutoshi. Mwaka 1958 wataalamu walieleza mnyoo mwingine, Brugia patei, waliouona kwa mbwa na paka wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Mabuu yake nayo huwamo katika damu, ilhali minyoo yenyewe hukaa katika mishipa ya limfu, si katika moyo. Kwa hiyo hutumika pia kipimo cha antijeni, kinachotambua jike aliyekomaa. Hata hivyo, maambukizi mapya ya chini ya miezi 5, au ya madume matupu, hukiponyoka kipimo hicho.

Kinga na tahadhari
Kinga ni ivamektini kila mwezi, mikrogramu 6 kwa kilo ya uzito. Huua mabuu machanga; haitegemewi kuua minyoo iliyokomaa. Hatari ni kumpa mbwa vidonge vya binadamu vilivyosalia baada ya kingatiba ya matende: kidonge kimoja cha miligramu 3 kwa mbwa wa kilo 10 ni mara 50 ya kiwango hicho. Mbwa mwenye mabuu mengi damuni aweza kupatwa na mshtuko na kufa.

Binadamu
Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kumgusa mbwa. Mtu huupata kwa kuumwa na mbu, ingawa ni nadra. Mnyoo hufia katika pafu na kuacha uvimbe mdogo wa mviringo, ambao katika picha ya eksirei huweza kudhaniwa kuwa saratani au kifua kikuu. Mhudumu wa afya aukumbuke uwezekano huo.

Kufukia madimbwi na kufunika vyombo vya maji hupunguza mbu wanaowasumbua watu na mbwa. Mfugaji anayeona dalili amwone ofisa mifugo wa kata, wala asitoe dawa yoyote kabla mbwa hajapimwa.